Gitaa kavu la zamani kwenye hewa ya Tanga: kulikagua, kulirekebisha na kulitunza

Tanga ni mji wa magitaa. Mji uliotoa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, ambao taarabu yake, kwa akina Black Star na Lucky Star, ililipokea gitaa na kulifanya la nyumbani, hauwezi kukosa magitaa ya zamani juu ya makabati ya Ngamiani, Chumbageni na Makorora. Ninayoyaandikia hapa ni magitaa makavu, yale ya boksi yasiyotaka umeme wala spika: mzee alilinunua miaka ya sitini au sabini, akalipiga ujana wake wote, akalifungia kwenye kasha na kuwakataza watoto wasiliguse. Leo limekufikia wewe, likiwa zima.

Kabla hujachukua bisibisi, shika jambo moja. Gitaa lililovuka miaka hamsini bila kupasuka halitaki kufanywa jipya. Rangi yake ya asili, ubao wake uliokauka taratibu, hata alama za kucha za mzee karibu na tundu la sauti, ndivyo vinavyolipatia sauti na thamani. Ukivitoa havirudi. Kwa hiyo katika kila hatua jiulize: hili ninalotaka kulifanya, nikibadili mawazo kesho, naweza kulirudisha? Kama jibu ni hapana, usilifanye, au mpe anayeijua kazi hiyo barabara.

Kwanza, lijue ni gitaa la nyuzi gani

Hapa ndipo magitaa mengi ya zamani yanapouawa, tena na watu wenye nia njema. Kuna magitaa ya nyuzi za nailoni na kuna ya nyuzi za chuma, na hayabadilishani. Seti ya nyuzi za nailoni huvuta shingo na daraja (kile kipande cha ubao usoni mwa gitaa ambapo nyuzi huishia au kupita) kwa nguvu ya karibu kilo 40. Seti ya kawaida ya chuma, ile ambayo uzi wake mwembamba una unene wa inchi 0.012, huvuta zaidi ya kilo 70. Ukifunga chuma kwenye gitaa la nailoni, uso utatuna, daraja litabanduka na shingo itapinda. Wakati mwingine haichukui hata mwezi.

Kutambua si kazi. La nailoni lina shingo pana, kama milimita 50 hadi 52 pale kwenye nati (kipande chenye vijifereji vya nyuzi, shingo inapokutana na kichwa), kichwa chake kina matundu mawili marefu, na nyuzi hufungwa kwa fundo kwenye daraja. La chuma lina shingo nyembamba, milimita 43 au 44, na nyuzi huzuiwa na vipini vidogo vya kuchomeka darajani au na kibamba cha chuma kilichofungwa kitakoni mwa gitaa. Kama lina kibamba, angalia daraja kwa makini: huenda halikugundishwa kabisa, linakaa kwa mkandamizo wa nyuzi tu. Usije ukaona linacheza ukadhani limebanduka, ukalipaka gundi.

Kisha mulika tochi ndani ya tundu la sauti usome lebo. Magitaa yaliyozunguka sana kusini na mashariki mwa Afrika ni Gallotone ya Afrika Kusini. John Lennon mwenyewe alianzia kwenye Gallotone Champion mwaka 1957. Unaweza pia kukuta Framus au Höfner ya Ujerumani, Egmond ya Uholanzi, au Yamaha ya Japani ya mlolongo wa FG ulioanza 1966. Ukikuta Martin ya Marekani, kaa chini kwanza: namba zake zimepangwa kwa mfululizo tangu 1898, kwa hiyo namba iliyochongwa ndani hukupa mwaka gitaa lilipotengenezwa. Piga picha lebo, namba, kichwa na mgongo, uzihifadhi. Zitakufaa.

Angalia pia ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya ubao ikishuka moja kwa moja kutoka usoni hadi ndani, uso huo ni ubao mmoja mzima. Ukiona matabaka, ni plaiwudi. Usiidharau plaiwudi. Sauti yake ni finyu kidogo, lakini huvumilia unyevu wa pwani vizuri kuliko ubao mzima, na huenda ndiyo sababu gitaa lako lipo hadi leo.

Litulize kabla ya kulipima

Gitaa lililotoka kabatini lisipigwe siku hiyo hiyo. Legeza nyuzi zote mzunguko mmoja mmoja, kwa zamu, usimalize uzi mmoja kwanza. Lilaze chumbani kwa wiki moja au mbili, kisha ndiyo uanze vipimo. Ubao unahitaji muda wa kuzoea hewa mpya, na ukipima mapema utarekebisha kasoro ambayo ingejiondokea yenyewe.

Ubao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, nao hutanuka kwa upana, si kwa urefu. Watengenezaji wengi hutaka hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Sisi wa Tanga tunaishi juu ya hapo karibu mwaka mzima, na masika ndiyo zaidi. Uso hutuna nyuma ya daraja, nyuzi hupanda juu ya freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), na gitaa lililopigika vizuri wakati wa kaskazi huwa gumu kwa vidole ifikapo Mei. Si ugonjwa. Usikimbilie kukata kitu mwezi wa tano kwa tatizo litakaloondoka mwezi wa tisa.

Nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali, kile cha saa na joto, ukiweke ndani ya kasha pamoja na gitaa. Lengo lako liwe kushuka chini ya asilimia 60 ndani ya kasha. Silika jeli inafanya kazi hiyo: ile ya punje zenye rangi, kwa sababu hubadilika zikishiba maji na unajua wakati wa kuzikausha. Zikaange taratibu kwenye kikaango usichopikia chakula, moto mdogo, mpaka rangi irudi. Zifungie kwenye kimfuko cha kitambaa, zisiguse rangi ya gitaa.

Kasha likae mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu. Nyumba za Raskazone na zote zinazopokea upepo wa bahari zina chumvi hewani, usiache gitaa limetundikwa dirishani. Kama kasha linanuka ukungu, anika kasha, usianike gitaa. Jua la moja kwa moja hukausha uso wa ubao haraka kuliko ndani, na ufa huanzia hapo.

Kuhusu kiyoyozi: kuwasha usiku na kuzima mchana kutwa ni kubaya kuliko kutokuwa nacho. Ubao huumizwa zaidi na kupanda na kushuka kuliko na unyevu wenyewe.

Ukaguzi: macho, vidole, masikio

Anza na wadudu. Kama kuna vitundu vya mviringo vya milimita moja au mbili na vumbi laini chini yake, bungua amehamia. Lifunge gitaa kwenye mfuko mkubwa wa plastiki, lilaze juu ya karatasi nyeusi, usubiri wiki kadhaa. Vumbi jipya likidondoka, wadudu wako hai. Lisipodondoka, ni matundu ya zamani na yana historia tu. Wakiwa hai, litenge na samani nyingine na utafute mtu wa kuingiza dawa kwenye tundu moja moja kwa sindano. Dawa ya kupuliza ya mbu huharibu rangi na haimfikii mdudu aliye ndani.

Halafu gonga kwa kifundo cha kidole, polepole, uso mzima na mgongo mzima, huku sikio liko karibu. Sauti iwe ya mviringo. Ukisikia mtetemo kama wa bati lililolegea, kuna ubavu wa ndani (kijiti cha mbao kinachokaza uso au mgongo) umeachia gundi. Ingiza simu kwenye tundu la sauti, washa taa yake, rekodi video ukiizungusha. Mbavu zote zitaonekana: kwenye magitaa ya chuma mara nyingi hupishana kama herufi X, kwenye ya bei nafuu ya zamani hukaa kama ngazi, na kwenye ya nailoni hutawanyika kama upepeo. Ubavu ulioachia una mstari mweusi mwembamba kati yake na ubao.

Daraja: chukua kipande cha karatasi nyembamba, kipitishe kwenye ukingo wake wa nyuma. Kikiingia zaidi ya milimita mbili tatu, daraja limeanza kunyanyuka. Usikaze nyuzi tena mpaka litengenezwe, kwa sababu likichomoka lenyewe litaondoka na vipande vya uso.

Shingo ina vipimo viwili. Kaza nyuzi kwa sauti yake ya kawaida, bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na kwenye ile ambapo shingo inakutana na boksi, kisha tazama nafasi iliyobaki juu ya freti ya saba. Karatasi mbili za kuprintia zipite. Zikipita kumi, shingo imepinda mbele. Kama gitaa lina fimbo ya chuma ndani ya shingo (Gibson walipata hataza ya fimbo ya kurekebishika mwaka 1923, lakini wengi hawakuiweka kwa miongo mingi, na Martin walianza 1985), unaweza kuikaza robo mzunguko, ukasubiri siku nzima, ukapima tena. Ikigoma, acha. Fimbo ya zamani ikikatika ndani ya shingo, umeharibu kitu kikubwa kuliko ulichotaka kutengeneza.

Kipimo cha pili ni rula ndefu ya chuma. Ilaze juu ya freti, katikati ya shingo, ncha ielekee darajani. Ncha inatakiwa ifike juu ya ubao wa daraja au izidi kidogo. Ikigonga ubavuni mwa daraja, shingo nzima imelala mbele kwa kuvutwa miaka yote hiyo, na dawa yake ni kuifungua na kuipachika upya kwa pembe sahihi. Kazi hiyo si ya nyumbani.

Usafi

Brashi kavu laini kwanza, ya kupakia rangi, iondoe vumbi la kwenye kona. Halafu kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo sana, na kingine kikavu nyuma yake. Uchafu wa mafuta ya mikono unaogoma hutoka kwa mate kwenye pamba. Watunzaji wa makumbusho hutumia mate kwa kazi hiyo hiyo, maana yana vimeng'enya vinavyolainisha uchafu bila kugusa rangi. Usitumie spiriti: rangi za shelaki huyeyuka papo hapo. Thina nayo huyeyusha laka za nitroselulosi. Dawa za kung'arishia samani zenye silikoni huzuia gundi na rangi kushika siku ya matengenezo.

Na mafuta ya nazi, tafadhali, yabaki kwenye wali. Ubao wa freti ukikauka watu wa pwani huyakimbilia kwa kuwa yapo jikoni, lakini huvunda, hunata na kualika vumbi. Mafuta mepesi ya cherehani au ya madini, tone chache kwenye kitambaa, paka, subiri dakika kumi, futa yote. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Tone moja la mafuta hayo hayo kwenye meno ya vikazio vya nyuzi litaamsha vilivyoganda kwa chumvi. Geuza taratibu, kikigoma, ongeza tone ulale, ujaribu kesho.

Nyuzi ziko juu mno: tandiko la mfupa

Hii ndiyo kasoro utakayokutana nayo zaidi, na ndiyo ambayo unaweza kuitibu mwenyewe bila kuharibu kitu, kama utakubali kuacha tandiko la zamani lilivyo.

Tandiko ni kile kipande chembamba kinachosimama darajani na kubeba nyuzi. Pima kwanza kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12, kutoka kichwani mwa freti hadi chini ya uzi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kadi tatu ni karibu 2.3. Kwa gitaa la chuma, kadi tatu zipite chini ya uzi mnene bila kuusukuma, na chini ya uzi mwembamba iwe milimita 2 hivi. Kwa la nailoni, kadi tano kwa uzi mnene na nne kwa mwembamba. Kama kwako zinapita kadi nyingi kuliko hizo na shingo umeiona iko sawa, tandiko lishushwe.

Usisage la zamani. Lichomoe, liweke kwenye bahasha ndani ya kasha, tengeneza jingine. Mfupa wa ng'ombe ndio uliotumika kwa kazi hii tangu zamani, nao unapatikana buchani: omba muundi, sehemu iliyonyooka na nene. Uchemshe kwa moto mdogo mpaka nyama na uboho vitoke, lakini usiuache ukachemka kutwa, maana hugeuka kuwa kama chaki. Ukwangue, uloweke siku chache kwenye maji ya sabuni ukibadilisha maji, ili mafuta yatoke, kisha uukaushe kivulini. Mfupa wenye mafuta huwa na madoa ya njano yanayopitisha mwanga. Mkavu hulia kama kigae ukiuangusha mezani.

Kata kibamba kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, kikubwa kidogo kuliko tandiko la zamani. Funika pua na mdomo, vumbi la mfupa si la kuvutwa. Bandika msasa namba 120 juu ya kioo kilicholala sawa, sugua kibamba huku na huku mpaka kiingie kwenye mfereji wa daraja kwa kusukumwa na kidole, kisianguke ukigeuza gitaa. Chini pawe bapa kabisa. Hapo ndipo sauti inapopita kwenda usoni, na pakiwa na upenyo uzi mmoja utakuwa mnyonge kuliko wenzake. Juu pafuate mviringo wa tandiko la zamani, ulainishe kwa 400 na zaidi.

Sasa hesabu: ukitaka kushusha kimo kwa milimita 1 kwenye freti ya 12, toa milimita 2 kwenye tandiko. Toa upande wa chini, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Mfupa ukipungua sana, unatengeneza mwingine. Muundi mmoja hutoa matandiko mengi.

Kwa gitaa lenye daraja lisilogundishwa, weka alama mahali pake kwa utepe wa karatasi kabla ya kutoa nyuzi. Kutoka nati hadi freti ya 12 ni sawa na kutoka freti hiyo hadi kwenye tandiko, ukiongeza milimita mbili tatu, zaidi kidogo upande wa nyuzi nene. Hakikisha kwa sikio: mlio wa kugusa tu juu ya freti ya 12 na mlio wa kubonyeza hapo hapo viwe kimo kimoja. Kama mlio wa kubonyeza uko juu, sogeza daraja nyuma.

Kisha funga nyuzi nyepesi. Kwa gitaa la chuma la zamani anza na seti ya 0.010, ulityuni sauti moja chini kwa siku chache, uangalie daraja kila asubuhi, ndipo upandishe. Kila ukimaliza kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini. Jasho na chumvi ya Tanga huzila upesi.

Nyufa, gundi na seremala

Ufa mpya usiupake kitu. Ubonyeze pande zote mbili kwa upole uone kama unacheza, uupige picha, ulegeze nyuzi. Gitaa likipasuka baada ya kukaa bara kwenye hewa kavu, mara nyingi ufa hujifunga wenyewe likirudi pwani kwa wiki chache, na ufa uliofungika hugundishwa vizuri kuliko uliofunguka. Gundi bora ni ile ya ngozi ya wanyama, kwa sababu joto na maji huifungua tena. Gundi ya mbao ya maji inafuata. Supa gluu iache kabisa: huingia ndani ya vinyweleo vya ubao, hutia doa, na fundi atakayekuja baadaye hataweza kuitoa.

Tanga ina maseremala wazuri, na wengi wanaweza kurudisha ubavu ulioachia au daraja lililonyanyuka, ila hawajazoea kitu kinachotakiwa kubaki kizee. Lazima useme mapema. Mazungumzo huwa hivi:

"Fundi, daraja tu. Rangi usiiguse."

"Lakini nikipiga msasa na vanishi litang'aa, dada, utalipenda."

"Nalipenda hivi lilivyo. Gundisha hapa, ubane, basi."

Kaa naye wakati wa kubana kama unaweza. Vibanio viwekewe ubao laini chini, na gundi iliyofurika ifutwe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kabla haijakauka.

Safari

Ukisafiri kwa basi, kaa nalo. Gari lililofungwa juani hupita 50°C bila shida, na gundi za zamani hulegea kwa joto la namna hiyo. Ukienda Lushoto hali ni ya ubaridi lakini si ya ukavu wa kutisha. Dodoma wakati wa kiangazi ni habari nyingine: toa silika jeli ndani ya kasha kabla ya kuondoka, na ukifika weka kitambaa chenye unyevu ndani ya kisanduku cha sabuni chenye matundu, pembeni ya shingo. Usifungue kasha mara unaposhuka. Liache lizoee kwa saa kadhaa.

Ukivuka Horohoro kwenda Mombasa, au ukilipeleka mbali zaidi, angalia ubao. Tangu tarehe 26 Novemba 2019, vyombo vya muziki vilivyokamilika vyenye mbao za jamii ya mpingo vinavuka mipaka bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, isipokuwa mti mmoja, Dalbergia nigra wa Brazili, ambao umezuiwa tangu 1992. Magitaa ya thamani ya kabla ya miaka ya sabini mara nyingi yana mgongo na mbavu za pembeni za mti huo. Kama lako ni mojawapo, tafuta kibali kabla ya kufika mpakani, ukiwa na zile picha za lebo na namba ulizopiga mwanzoni.